Nyuni wa Amu wana majina yao

Ukitaka kumtaja kwa uhakika ndege wa kijani wa misitu ya bara ya Lamu, yule mwenye kishungi na mbawa zinazotoa wekundu wa damu pindi arukapo, vitabu vinakulazimisha kumtaja Mjerumani mmoja aliyeitwa Gustav Fischer. Bwana huyu alikuwa daktari. Mwaka 1877 na 1878 alisafiri Witu na kando ya mto Tana, akikusanya ndege na kuwapeleka Berlin, na huko wakapewa majina. Tangu mwaka 1878 ndege huyo wa misitu ya mwambao, anayepatikana kutoka kusini mwa Somalia hadi upande wa Tanga na Unguja, anaitwa ulimwenguni kote kwa jina la Fischer.

Si huyo peke yake. Shakwe wa rangi ya moshi anayezunguka juu ya mashua gatini Lamu, akingojea matumbo ya samaki, ana jina la Mjerumani mwingine, Hemprich, aliyekufa Massawa kwa homa mwaka 1825. Na mnana wa manjano afumaye viota vyake minazini ana jina la Bojer, mtu wa Bohemia aliyepita pwani yetu katika miaka ya 1820 akichuma majani na maua.

Sina ugomvi na marehemu hao. Mtu aliyevumilia jua, mbu na maji ya chumvi ili ajue jambo ana haki ya kukumbukwa. Ninalouliza ni hili: kabla ya Fischer kutia guu Witu, ndege yule hakuwa na jina? Wapokomo walikuwa wakimwonyeshana kwa kidole tu? Waboni waliozaliwa na kufa chini ya miti ile walimwita nini? Najua jibu, nawe msomaji unalijua. Jina lilikuwapo. Ila halikuandikwa, na lisiloandikwa zama hizi huhesabiwa kuwa halipo.

Kwa wasiovijua, ziko aina za vitabu vya mkononi ambavyo mgeni huvitia mfukoni pamoja na darubini yake. Kila ndege ana picha yake, ramani ndogo ya mahali apatikanapo, urefu wake, sauti yake, na majira aonekanapo. Kitabu kilichotumika zamani Afrika Mashariki ni cha John Williams, kilichotoka mwaka 1963. Kisha mwaka 1996 kikatoka kile kikubwa cha Zimmerman, Turner na Pearson juu ya ndege wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na mwaka 2002 kile cha Stevenson na Fanshawe, ambacho leo ndicho utakachokiona mikononi mwa wengi. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na watu hao wamewapanga wote bila ya kuwachanganya. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ndege wote hao wana majina ya Kiingereza na ya Kilatini. Mtoto wa Matondoni akifungua kitabu hicho anamwona ndege aliyemwona jana mikokoni, amechorwa mpaka rangi ya kucha, naye hawezi kumwita.

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Mzee mmoja wa barazani kwetu aliwahi kuniambia ati mtu kupanda eropleni safari ya mchana na usiku aje kumtazama kitwitwi akitembea matopeni, ni dalili kuwa kwao chakula ni kingi na kazi ni chache. Tulicheka sote. Lakini mzee yuyo huyo alikuwa mvuvi miaka arubaini, na hakupata kutoa tanga bila ya kuangalia ndege. Wapi wanapiga mbizi? Wanakwenda juu juu, au wameshuka na kushika pahali pamoja? Jodari anaposukuma dagaa juu, ndege ndio wa kwanza kujua, na nahodha ndiye wa pili. Huyo ni mtazama ndege hodari kuliko yeyote mwenye darubini, ila hajui kuwa hilo ni elimu, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Na sisi tuliosoma vyuoni tuna sababu ya kuona haya kulisema neno hilo la "mambo ya Wazungu". Tulisomeshwa habari za Nabii Suleiman aliyewakagua ndege wake akamkosa hudihudi. Tulisomeshwa kunguru aliyemfunza Kabili namna ya kumzika ndugu yake. Tulihifadhi Suratul-Mulk, na ndani yake tunaulizwa kama hatuwaoni ndege walio juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja. Swali limeulizwa, wangapi kati yetu tumeinua macho? Wanavyuoni wa zamani waliinua. Kamaluddin Damiri wa Misri, katika karne ya 14, alitunga kitabu chake mashuhuri cha wanyama, Hayatul-Hayawan, akakipanga kwa alifu, be, te. Kwa kila mnyama na kila ndege alitaja majina yake, hukumu ya kuliwa kwake, methali zake, hata tafsiri ya kumwota. Hiyo ilikuwa miaka mia tano kabla ya Fischer kupanda mto Tana.

Sasa tuje kwa lugha yetu wenyewe. Watu wa Amu, wa Pate na Watikuu walikuwa na neno nyuni, nao walikuwa wakisema nyuni pale Mswahili wa Unguja asemapo ndege. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19, alipotaka kutuonyesha majumba ya Pate yaliyoanguka, aliwatia nyuni ndani ya madaka yaliyokuwa yakipangwa sahani, na bundi akamwita bumu, kama Mwarabu. Kila mshairi wa kwetu ameyahifadhi mahali hapo. Lakini tangu hapo nasi washairi tumekuwa wavivu. Ndege wetu katika tungo ni watano au sita: njiwa wa kupeleka salamu, kipungu wa ukali, mwewe mporaji, kunguru asiyefugika, tausi ambaye hata si wa kwetu. Tunawatumia kama mtu anavyotumia sarafu, bila ya kuangalia kilichochorwa juu yake. Nimesoma mashairi mamia ya mapenzi yenye njiwa, na sikumbuki hata moja lililonijulisha ni njiwa yupi: tetere, pugi, ninga au hua? Wanne hao hawafanani kwa sauti wala kwa rangi.

Na majina tunayo. Yangeyange, mweupe afuatae ng'ombe. Heroe, mwenye miguu kama fito na rangi ya waridi. Barawai na mbayuwayu, ambao siku hizi kila mtu huwachanganya. Kitwitwi, jina ambalo ni sauti yake yenyewe. Chozi, mdogo anyonyae maua. Kororo, kanga mwenye nywele, akaaye msituni na asiyependa uwanda. Shorewanda, kwazi, furukombe, keremkerem, mdiria. Johnson aliyatia kadha katika kamusi yake ya mwaka 1939, na Padri Sacleux akatia mengi zaidi katika kamusi yake ya Kifaransa iliyotoka wakati huo huo. Lakini kamusi ya Kifaransa yasomwa na nani Faza? Na mara nyingi ukilifungua jina la ndege katika kamusi zetu utaambiwa: "aina ya ndege." Hiyo ni kama kuulizwa fulani ni nani ukajibu: ni mtu.

Nitatoa mfano mmoja ili msomaji aone ugumu na utamu wa jambo hili. Nimemsikia mvuvi wa Kizingitini akimwita membe yule ndege mweupe mwembamba, mwenye mkia wa panda, apigaye mbizi baharini kama mshale. Nimemsikia mwingine, wa Shela, akisema la, huyo siye. Membe ni yule mkubwa wa miguu mirefu, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi kama kisu, atembeaye fukweni maji yakitoka, akila kaa. Wote wawili wamezaliwa baharini. Ni nani mwenye haki? Mimi naona wote wawili, kila mmoja kwa mji wake. Lakini mwenye kuandika kitabu sharti aende Kizingitini na aende Shela, akae, aulize, aonyeshe picha, kisha aandike kuwa hapa anaitwa hivi na pale vile.

Na huyo mla kaa, kwa jina lolote utakalompa, ni ndege ambaye mtu wa mwambao angemwonea fahari lau angejua habari zake. Jamaa zake wote wa fukweni hutaga mayai juu ya ardhi. Yeye peke yake huchimba shimo mchangani, kama kaa anayemla, akataga humo yai moja jeupe, na kinda hulishwa humo humo gizani. Mashimo hayo huyachimba wapi? Katika visiwa vya Bahari ya Sham, pwani za Oman, visiwa vya Ghuba mpaka Kuwait na Uajemi, na pwani ya Somalia. Akimaliza kulea huja kwetu, Manda, Kiwayu, Mida na kwendelea kusini hadi Bukini. Kusi ianzapo, karibu na mwezi wa Aprili, hurejea kaskazini. Yaani huyu ni msafiri wa njia ile ile ya majahazi ya Sur na Maskati. Majahazi yamekwisha, manahodha wamekwisha, yeye angali yuaja na kwenda. Mzungu humwita jina lenye maana ya kitwitwi wa kaa. Mshairi wa Amu bado hajamwita neno.

Kwa nini hatuwatazami? Sababu moja ni ya kusikitisha, nami nitaisema wazi. Sisi neno ndege tumelipa kazi ya pili. Twasema ndege mwema, ndege mbaya, tukikusudia bahati na kisirani. Waarabu wa Jahiliya nao walifanya hivyo hivyo, na neno lao la kutabiri kwa ndege limetokana na neno lao la ndege. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataza jambo hilo, na katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari imetajwa pamoja nalo imani ya hama, ambayo baadhi ya wanavyuoni wameifasiri kuwa ni bundi. Karne kumi na nne zimepita. Bundi akilia juu ya paa la mtu wa Langoni leo, watu huswali Isha kisha wakatoka kumtupia mawe. Mwengine ana jina la mpasua sanda, kwani sauti yake ni kama kitambaa kinachochanwa, na mwenye kuisikia hungoja habari ya msiba. Msiba ukichelewa mwaka mzima, bado yeye ndiye aliyeuleta.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha lau yasingekuwa na watoto ndani yake. Mtoto mchanga anaposhikwa na degedege, akakaza mwili na kugeuza macho, wazee wetu walisema amepitiwa na ndege. Katika Kiswahili chetu nyuni ni jina la ndege na tena ni jina la maradhi hayo. Madaktari wameeleza mara nyingi, na huko Kilifi wameandika mengi juu yake, kuwa aghlabu hiyo ni homa kali, na mara nyingi katika mwambao wetu ni malaria iliyopanda. Mtoto huyo anataka hospitali saa ile ile. Lakini kwa kuwa ndege ndiye mshitakiwa, hupelekwa kwanza kwa mwenye kumfukuza ndege, na saa zikapita. Ndege hana habari. Yuko mtini analala. Mtu aliyewahi kumtazama bundi kwa makini, akamwona akishuka na panya ukuchani, akarudi kulisha makinda yake, hatamdhania tena kuwa anatembea usiku kutafuta watoto wa watu.

Sababu ya pili ya kutaka majina ni ya dunia, na inahusu riziki na ardhi. Lamu imekuwa mahali pa miradi. Mkondo wa Manda umechimbwa, na gati la kwanza la bandari mpya likafunguliwa Mei 2021. Kabla yake, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kuwa wavuvi wapatao 4,600 walidhulumiwa na ujenzi huo, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Na mwezi Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, na sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Zingatieni neno hilo, kushirikishwa. Ripoti za miradi kama hii huandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake huwamo orodha ya ndege kwa majina ya Kilatini. Huletwa mbele ya watu wakaulizwa: mna maoni gani? Mvuvi ambaye yajua kila fungu na ndege gani hushuka pale maji yakipwa, atatoaje maoni juu ya ndege ambaye katika karatasi ile ana jina la marehemu wa Berlin? Atanyamaza. Na kunyamaza kwake kutaandikwa kuwa ni kukubali.

Ndiyo maana nasema kitabu cha ndege kwa Kiswahili si pambo. Lau tungekuwa nacho, chenye picha, jina la Amu, jina la Kitikuu, jina la Kipokomo na la Kiboni, na la Kilatini pembeni, mzee angeweka kidole juu ya picha na kusema: huyu, mahali fulani, miezi fulani, wengi mno. Hakuna wakili atakayelipangua neno kama hilo kwa urahisi.

Mtu asiseme haiwezekani. Mwaka 1989 katika gazeti la sayansi la Marekani liitwalo Science ulitoka utafiti wa Mkenya, Hussein Adan Isack, pamoja na mwenziwe Reyer wa Ulaya, juu ya mlembe, ndege aongozaye watu kwenye asali. Waborana walikuwa wakisema siku zote kuwa ndege huyo huwaambia mzinga uko upande gani na umbali gani. Wageni walidhani ni hadithi. Isack, aliyekuwa Mborana mwenyewe, alikwenda akapima. Akakuta kuwa mtu asiye na ndege hutafuta mzinga kwa wastani wa saa 8.9, na mwenye kuongozwa saa 3.2. Waboni wa bara yetu wanajua maneno hayo tangu mababu, nao humpigia mlembe mluzi wao. Wao hawakuyaandika, nasi majirani zao tuliojua kuandika hatukuwauliza.

Mfano mwingine ni wa jirani. Yuko mnana mmoja wa msitu wa Arabuko-Sokoke ambaye Waingereza walimwandika mwaka 1913. Muda wa karne nzima wataalamu hawakujua anataga wapi. Mwaka 2013 mazalio yake yalipatikana huko Dakatcha, nyuma ya Malindi, katika ziwa la msimu wa mvua, nao walioyapata ni watu wa huko huko wanaoulinda msitu wao pamoja na chama cha Nature Kenya. Na huko Mida, karibu na Watamu, wamejenga njia ya mbao juu ya mikoko na kibanda cha kutazamia ndege. Mgeni hulipa kuingia, na fedha hizo, chini ya mpango wa shirika la A Rocha Kenya, husaidia karo za watoto wa shule za sekondari wa vijiji vya pale. Mgeni anakwenda Mida kumwona nani hasa? Huyo huyo mla kaa, ambaye hapa kwetu hupita mbele ya vijana wetu waliokaa ukutani wakingoja wageni wa kuwatembeza, nao hawamjui jina kwa Kiingereza wala kwa Kiamu.

Vijana wetu nawasifu kwa mengine. Wanajua kila mlango wa mji wa kale na kila nakshi yake. Tangu mji uingizwe katika urithi wa dunia mwaka 2001, historia ya mawe wameishika vyema. Lakini tukiwafunza mawe peke yake tumewafunza nusu ya Lamu. Kaunti hii ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko ina wenyewe ndani yake.

Ni lazima pia niseme na ndugu zangu wa Kiunga. Visiwa vile vidogo vya mawe mbele ya mji wao, ambavyo tangu mwaka 1979 vimo katika hifadhi ya bahari, ni mazalio ya wale ndege weupe wapigao mbizi, na miaka mingine hukusanyika jozi maelfu, mpaka huwezi kuweka mguu bila ya kukanyaga yai. Hutaga wakati wa kusi, bahari ikiwa mbaya, wavuvi wakakwama visiwani bila ya kitoweo. Wakaokota mayai. Najua njaa ni nini wala simhukumu mtu aliyekwamishwa na upepo. Ila wako wajao na ndoo, bahari ikiwa shwari. Ndege hawa ndio wanaotuonyesha jodari. Wakichoka kusumbuliwa watahama, na mvuvi atabaki katikati ya bahari akitazama maji matupu asijue atupe wapi mshipi. Wazee wa zamani, kama nilivyoelezwa, walikuwa na desturi ya kuacha. Desturi hiyo nayo ilikuwa na maneno yake, na hayo nayo yaandikwe.

Sasa kitabu kiandikwe na nani, na vipi? Sitaki kamati ikae Nairobi ikatunga majina mapya mezani, ikatafsiri Kiingereza neno kwa neno, tukaletewa "kitwitwi-kaa" na "shakwe-masizi". Hayo tutayapata tukikaa kimya, na yatafundishwa shuleni, na majina ya kweli yatakufa siku hiyo. Huko Nairobi wenzetu wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yaliyoanza mwaka 1971, na tangu mwaka 2013 wana mpango wa ramani ya ndege wa Kenya, ambapo mtu yeyote aweza kupeleka habari za ndege aliowaona katika eneo lake. Watu hao wana elimu ya kupanga, nasi tuna majina. Baada ya misukosuko ya usalama, tangu mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 na operesheni ya msitu wa Boni iliyofuata, wageni wenye darubini wamekuwa hawafiki kwa wingi upande wa bara yetu. Wenye macho kule ni wenyeji peke yao.

Kazi yenyewe haihitaji mali nyingi. Walimu wa vyuo na wa skuli wawape watoto daftari, kila mtoto amuulize bibi yake majina ya ndege na aandike: jina, mji, ndege alivyo, hula nini, huonekana kusi au kaskazi. Pasiwe na kusahihishana. Kipate kisifutwe kwa sababu Kiamu kinasema vingine. Kisha waalikwe wenye vitabu vya picha waoane na majina hayo. Asiye na jina aachwe hana jina mpaka apatikane alijuaye. Nami nawaomba washairi wenzangu tushindane kwa jambo hili kama tunavyoshindana Maulidi yakifika. Atakayetuletea utenzi wa nyuni arubaini, kila mmoja kwa jina lake na tabia yake, mimi wa kwanza kumtuza.

Ukurasa huu uko wazi kwa majina mtakayoyaleta, nami naanza na ninalolitafuta mwenyewe. Yuko nyuni ajae Lamu wakati wa kaskazi, mwembamba, mwekundu wa kukoza mwili mzima, kichwa cha rangi ya maji ya kina, na manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Hukamata nyuki na panzi hewani, na jua likizama hukusanyika kulala mikokoni, wengi kwa pamoja, mti mzima ukawa kama umeshika moto. Kamusi zamwita keremkerem pamoja na jamaa zake wote. Bibi mmoja wa Siyu aliniambia la, huyu ana jina lake mwenyewe, mamake alikuwa akilitaja kila kaskazi ikiingia. Tulikaa mpaka adhuhuri akijaribu kulikumbuka. Hakulikumbuka. Kama yuko mtu Siyu, Tundwa, Faza au Ndau anayelijua, na aniandikie.